Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Marafiki wa Jumba la Sanaa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya shughuli za mwaka. Mliohudhuria shughuli hizo mengi mnayajua. Ambao hamkuhudhuria, nanyi ndio wengi, someni taratibu.

Maonyesho yalikuwa 4: picha za rangi za mafuta, kazi za karatasi, vinyago, na wasanii chipukizi. Yote yalifunguliwa kwa tarehe zilizopangwa isipokuwa moja. Lile la kazi za karatasi lililalamikiwa kuwa na giza. Karatasi na rangi za maji huchujuka kwa mwanga, na zikishachujuka hazirudi, ndiyo maana majumba ya sanaa hushusha taa hadi laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Ukisimama humo dakika chache macho yanazoea. Ziara za shule zilikuwa 23, shule 14, wanafunzi 812, walimu 49, waongozaji wa kujitolea 9, wawili kati yao wakiwa mke wangu na mimi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Sasa suala la misumari, yaani picha nilizozishusha ukutani.

Limesemwa mengi, zaidi kwenye kundi la WhatsApp kuliko kikaoni, kwa hiyo nalieleza tangu mwanzo. Picha 31 za rangi za mafuta zilitundikwa katikati ya kila moja ikiwa sentimita 152 kutoka sakafuni. Huo ni utaratibu wa kawaida. Majumba mengi hucheza kati ya 145 na 155, kwa kuwa hapo ndipo yalipo macho ya mtu mzima aliyesimama. Jumamosi, siku mbili kabla ya kundi la kwanza la darasa la pili, niliingia ukumbini peke yangu nikapiga magoti. Mlinzi ni shahidi. Mtoto wa miaka 7 ana kimo cha sentimita 120 hivi, macho yake yapo kwenye 110. Kutoka hapo, picha 9 zenye kioo sikuziona kabisa. Niliona taa. Katika picha za sura za watu niliona matundu ya pua. Tulikuwa tumewaalika watoto waje kutazama balbu.

Nilimpigia msimamizi wa maonyesho simu mara tatu, haikupokelewa. Katibu alikuwa safarini. Nikaamua. Jumapili picha zote 31 zikashuka hadi sentimita 125, kazi niliyoifanya mwenyewe na fundi mmoja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, mimi bila posho. Matundu 62 ya zamani yalizibwa na kupakwa rangi. Anayesema ukuta umeharibika aje anionyeshe tundu.

Imedaiwa kwamba nimevunja katiba, kwa sababu utundikaji ni mamlaka ya msimamizi. Ni kweli ni mamlaka yake. Katiba hiyo hiyo inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura na kuitolea taarifa kikao kinachofuata, na mabasi mawili ya watoto yanayofika Jumatatu saa tatu kwangu ni dharura. Taarifa niliitoa. Waliohudhuria kikao walikuwa 5 na akidi ni 7, kwa hiyo kisheria haikupokewa, na kosa hilo si langu. Msimamizi alijiuzulu baadaye kwa sababu za kifamilia, na kamati imezipokea sababu hizo kama zilivyoandikwa. Msanii mmoja aliondoa picha zake mbili akisema hadhi yake imeshushwa. Nilimweleza kwamba kilichoshushwa ni msumari.

Wapo pia wanaolalamikia migongo. Utafiti uliofanywa katika jumba la Metropolitan, New York, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mtazamaji husimama mbele ya picha kwa wastani wa sekunde 27. Sekunde 27 za kuinama kidogo si adhabu.

Linaloniuma zaidi ni neno kwamba watoto ni kelele tu, hawaelewi kitu, na fedha za mabasi yao zingefaa tafrija za ufunguzi. Jumba la Crystal Bridges lilipofunguliwa mwaka 2011 huko Arkansas, Marekani, maombi ya shule yalizidi nafasi. Watafiti wa chuo kikuu cha huko wakapiga kura ya bahati nasibu nani aende kwanza, wakapima wanafunzi 10,912 wa shule 123. Waliozuru walichambua vizuri zaidi hata picha ambayo hawakuwahi kuiona, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa familia maskini. Kati ya walioonyeshwa picha ya mchoraji Eastman Johnson ya watu walio kambini, wiki kadhaa baadaye asilimia 88 walijua kuwa wale watu wanatengeneza sharubati tamu ya utomvu wa miti ili kuidhoofisha biashara ya sukari iliyotegemea watumwa. Nani kati yetu anakumbuka hivyo onyesho letu la mwaka juzi?

Waongozaji wetu nao wamesemwa, eti hawaelezi picha, wanauliza tu. Wanauliza kwa makusudi. Njia hiyo ni ya Abigail Housen na Philip Yenawine, huyu wa pili aliwahi kuongoza elimu katika jumba la sanaa za kisasa la New York: kunatokea nini hapa, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na nini kingine tunaweza kuona. Mvulana mmoja alisema kwenye picha ya barabara kwamba mvua imekatika sasa hivi. Nikamuuliza anaona nini. Akajibu kuwa yule mama ameshaufunga mwavuli lakini bado unachuruzika. Tone lenyewe lipo chini kabisa ya picha, dogo kuliko punje ya mchele. Mimi nimepita mbele ya picha hiyo mwezi mzima, na sikuwahi kuliona ilipokuwa kwenye 152.

Ada. Daftarini tuko 140. Waliomaliza kulipa ni 61, waliolipa nusu ni 22, na 57 hawajalipa chochote. Barua ya kupinga misumari ina sahihi 11, na kati ya hao waliomaliza ada ni 3. Sitaji majina, orodha imebandikwa mlangoni. Mkutano mkuu uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na mara ya pili tuliokuwepo tulikaa hadi viti vikaanza kukusanywa.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufikia shule nyingi zaidi, kupata chumba cha watoto kuchorea, na ikiwezekana basi letu wenyewe. Mazungumzo na wafadhili yanaendelea. Nafasi ya msimamizi iko wazi. Sentimita 125 zitabaki kwa kila onyesho linalopokea shule, hadi mkutano wenye akidi useme vinginevyo.

La mwisho: ngazi iliyotumika siku ile ni mali yangu binafsi na haipo tena stoo. Aliyeichukua airudishe kabla ya mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti