Kocha wa Annapolis hakustahili hukumu ile

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa shuleni Nakuru na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile taarifa yenu kuhusu timu ya Chuo cha Wanamaji wa Marekani, pale Annapolis, imenishinda kuvumilia. Mliiita timu ya kandanda, mkaweka na picha ya mpira wa duara, ilhali wanacheza futiboli ya Kimarekani, kisha mkaandika kwamba kocha wake, Brian Newberry, aliiua timu katika msimu wake wa kwanza, wa 2023.

Ni kweli kwamba msimu huo walishinda mechi tano na kupoteza saba. Lakini je, mwandishi wenu alitazama walikotoka? Mwaka 2020 walishinda tatu. Mwaka 2021 nne. Mwaka 2022 nne tena, na Ken Niumatalolo, kocha aliyeipa timu hiyo ushindi mara 109, kuliko mwingine yeyote aliyewahi kuifundisha, akafutwa kazi mara tu baada ya kushindwa 20-17 na West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu. Hiyo ndiyo timu aliyoachiwa Newberry. Kipigo cha 42-3 mbele ya Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Dublin, Ireland, mlikiandika, na kile cha 59-14 cha Chuo Kikuu cha SMU mkakiandika kwa herufi nene. Mbona hamkusema kwamba vyuo vya Wagner, Charlotte na East Carolina viliondoka bila alama hata moja? Newberry alikuwa mwalimu wa ulinzi wa timu hiyo tangu 2019, na kazi yake inaonekana hapo.

Kilichonichoma hasa ni hiki. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Baltimore, mahali wanaponyolewa watu wengi wa kwetu, kijana mmoja akaisoma taarifa yenu kwa sauti kutoka kwenye simu. Akauliza ni wanajeshi gani hawa wanaochapwa 59. Watu wakacheka. Mwanangu ni kadeti katika chuo hicho. Yeye hachezi, lakini mwenzake wa chumbani anacheza. Oktoba, walipofungwa 17-6 na Chuo cha Jeshi la Anga, tuliwapelekea chapati wakaja kuzila kando ya gari letu. Vidole vya yule kijana vilikuwa vimefungwa plasta viwili viwili, vimevimba, hawezi hata kukata chapati. Mke wangu akamkatia vipande vidogo vidogo. Alikula akiwa amesimama, akashukuru, akaomba asicheleweshwe kwa kuwa Jumatatu ana mtihani wa fizikia. Huyo ndiye aliyechekwa kwa kinyozi, mhariri, kwa maneno mliyoyachapisha ninyi! Vyuo vingine huchukua wachezaji waliokomaa kutoka kwa wenzao. Annapolis, hata ukitoka chuo kingine, unaanza mwaka wa kwanza upya. Wenzao wanalipwa kwa matangazo ya biashara, wao hawaruhusiwi. Wakihitimu wanalitumikia jeshi miaka isiyopungua mitano. Kocha hawezi kununua mtu, hawezi kuharakisha mtu, anawalea hao hao alio nao. Na Desemba 9, dhidi ya West Point, walizuiwa hatua moja kutoka kwenye mstari wa kufunga alama zikiwa zimebaki sekunde chache, mechi ikaisha 17-11. Kisha timu zote mbili zikasimama pamoja, kofia za kujikinga mikononi, wimbo wa chuo kilichoshindwa ukaimbwa kwanza, ndipo ukafuata wa washindi. Hilo nalo hamkuliona.

Wala si mara ya kwanza kwenu kuwapuuza wanajeshi. Ulinzi Stars, timu ya soka ya jeshi letu, walitwaa ubingwa wa Kenya 2003, 2004 na 2005, miaka mitatu mfululizo, wakaurudia 2010. Nilikuwa uwanjani Afraha, Nakuru, nikinyeshewa mvua kuwatazama. Kesho yake nilikuwa nikifungua gazeti lako na kukuta mistari miwili ya Ulinzi chini kabisa, na ukurasa mzima wa ligi ya Uingereza. Nilinyamaza wakati ule, na nimejuta kunyamaza.

Sasa naomba mambo mawili. Chapisheni sahihisho kwenye ukurasa uleule, lenye picha ya mpira wenyewe, ule wenye ncha mbili. Na msimu ujao mtumeni mwandishi wenu Annapolis, Jumamosi ya mechi ya kwanza ya nyumbani. Afike mapema, muda wa saa mbili kabla ya mchezo kuanza, asimame kando ya barabara awaone makadeti zaidi ya 4,000 wakiandamana kuingia uwanjani, kikosi baada ya kikosi. Ndani ayasome majina ya vita yaliyoandikwa ukutani, Midway, Guadalcanal na mengine. Nitampokea mimi mwenyewe uwanja wa ndege, atalala kwangu, na baada ya mechi nitamkutanisha na yule kijana wa vidole ili amuulize anamwonaje kocha wake.

Mzazi wa kadeti,
Baltimore, Maryland