Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi: Tunalala Uyole, tunashinda Mbeya Mjini

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo.

Nakuandikia kutoka Igawilo, upande wa mashariki wa Jiji la Mbeya. Mimi ni fundi cherehani na kibanda changu kiko Mwanjelwa. Kila alfajiri napanda daladala Uyole, tunapita Nane Nane, Mama John na Soweto, nashuka, nafungua mlango, nakaa hapo mpaka giza liingie. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kutoka nyumbani kwenda kazini tu. Tangu Mei 2025, Tume yako ilipotangaza majimbo mapya manane, likiwemo letu la Uyole lililomegwa kutoka Mbeya Mjini, na idadi ya majimbo nchini ikapanda kutoka 264 hadi 272, nimekuwa natoka jimbo moja kwenda jingine na kurudi, siku sita kwa wiki.

Nisieleweke vibaya. Jimbo la Mbeya Mjini lilistahili kugawanywa, tena lilicheleweshwa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 385,279 hapa Jijini. Mwaka huohuo Wilaya ya Makete, ambayo nayo ni jimbo moja, ilikuwa na watu 97,266. Yaani kura ya mtu wa Makete ilikuwa na uzito karibu mara nne ya yangu. (Na Wakinga, wenyeji wa Makete, nusu yao wako huku kwetu wanauza madukani, kama tunavyowatania.) Sensa ya 2022 ikatukuta 541,603. Watu zaidi ya 156,000 wameongezeka ndani ya miaka kumi. Kumwachia mzigo huo mbunge mmoja ni kumwonea yeye na kutuonea sisi.

Kwa hiyo kisu sikilalamikii. Nalalamikia mahali kilipopita, na ukimya uliokizunguka.

Katiba, Ibara ya 75, inaitaka Tume ipitie mipaka angalau kila baada ya miaka kumi, na itazame mawasiliano na hali ya kijiografia ya eneo. Idadi ya watu nayo ina nafasi yake, na idadi hiyo inatoka kwenye sensa. Sasa sensa, Mheshimiwa, inamhesabu mtu pale alipolala. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 mimi nililala Igawilo, nikahesabiwa Igawilo. Ni sawa kabisa. Wanyakyusa wana salamu yao ambayo ndani ya daladala zetu utaisikia hata saa kumi jioni: ugonile? Ndani yake kuna kitenzi cha kulala, ni kama kukuuliza umelala vipi. Sensa nayo inauliza swali hilohilo. Haiulizi umeshinda wapi.

Na mji huu unaishi mchana. Ulizaliwa na dhahabu ya Lupa, watu wakapita hapa wakielekea Chunya. Ikaja reli ya TAZARA, kituo kikawekwa Iyunga, na barabara ya Zambia ikauvuta mji mashariki na magharibi kama utepe. Wasafwa walikuwepo tangu awali, chini ya milima. Wanyakyusa wakaja kutoka Rungwe na Kyela, Wandali kutoka Ileje, Wanyiha kutoka Mbozi, Wakinga na Wabena kutoka ng'ambo ya Uporoto. Wageni wengi walipata viwanja pembezoni, na biashara ikabaki katikati. Uyole ikawa njia panda ya kwenda Tukuyu na Malawi, mahali pa kupatia usafiri na pa kulala. Mwanjelwa na Kabwe ndiko hela ilikobaki.

Matokeo yake ndiyo haya. Ushuru nalipa Mwanjelwa. Taka zisipozolewa, harufu naivuta Mwanjelwa. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea Desemba 2006, mali zilizoungua zilikuwa za watu wa Igawilo, Nsalaga na Iganjo huku Uyole, pamoja na za wa Sinde na Ruanda kule mjini. Tukapelekwa soko la SIDO, nako kukaungua, wala si mara moja. Siku zile tulijua wote mlango wa kugonga, maana mbunge alikuwa mmoja. Leo likitokea la kutokea (Mungu aepushe), mbunge niliyempigia kura si wa soko lile, na mbunge wa soko lile hana haja na kura yangu.

Utaniambia kwamba wabunge wote wawili wanaingia kwenye Baraza la Madiwani la Jiji. Ni kweli, na Jiji bado ni halmashauri moja yenye meya mmoja. Lakini mwanasiasa humsikiliza anayeweza kumnyima. Mbunge wa Mbeya Mjini mimi siwezi kumnyima kitu.

Wapo pia wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko upande wa Iyunga, na Agosti ni mwezi wa likizo. Vijana wanaopanga vyumba kule kwa miezi mingi ya mwaka, wengi wao walihesabiwa kwao, Sumbawanga au Songea. Hawa nao wamewekwa kwenye mzani gani? Na barabara je? Njia nne zinazojengwa kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni kilomita 29. Kipande hicho kimoja kinaanzia Uyole, kinakatisha Mbeya Mjini na kuishia Mbeya Vijijini. Wabunge watatu, na vumbi ni lilelile.

Sasa niguse lile linalosemwa kwa sauti ya chini vijiweni, maana barua ya wazi isiyoligusa itakuwa ya wazi kwa jina tu. Mbeya Mjini haijawahi kuwa shamba la mtu. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, tulimpa mbunge wa NCCR-Mageuzi. Tukarudi CCM. Mwaka 2010 tukamchukua Joseph Mbilinyi, Sugu, wa CHADEMA, na 2015 tukamrudisha kwa kura 108,566, ambazo hakika hazikutoka chama kimoja peke yake. Mwaka 2020 akatangazwa Dkt. Tulia Ackson wa CCM kwa kura 75,225 dhidi ya 37,591 za Sugu, na upinzani ukayakataa matokeo yale. Dkt. Tulia akawa Spika mwaka 2022. Jimbo lilipogawanywa, akaenda kugombea Uyole, na Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura.

Sisemi mpaka ulichorwa kwa ajili ya mtu. Sina ushahidi, na sipendi kumzushia mtu jambo. Nasema kwamba katika jimbo lenye historia ya namna hii, ukichora mstari bila kuonyesha hesabu, watu watajitungia hesabu yao. Fundi mwenzangu ana yake, ya muuza chai ni tofauti kabisa, na zote mbili ni mbaya kuliko ukweli unavyoweza kuwa.

Mahakamani siwezi kwenda. Katiba imefunga mlango huo. Ugawaji wa majimbo ukishafanywa na Tume hauhojiwi na mahakama yoyote. Ndiyo maana naandika.

Ombi langu ni dogo. Tume ichapishe, kata kwa kata, idadi ya watu na ya wapiga kura walioandikishwa pande zote mbili za mpaka wa Uyole na Mbeya Mjini. Ionyeshe mapendekezo yaliyopelekwa na Jiji yalikuwa yapi, ni yapi yaliyokubaliwa na ni yapi yaliyoachwa, na sababu yake, japo kwa sentensi mbili. Na kabla ya kupitia mipaka tena, watu wenu wasimame siku moja tu Uyole, saa kumi na mbili asubuhi, wahesabu daladala na bajaji zinazoelekea mjini. Halafu wasubiri jioni wazihesabu zikirudi. Takwimu hiyo haimo kwenye sensa yoyote.

Majedwali hayo yakibandikwa ofisi ya kata ya Igawilo yatatosha. Naomba tu yaachwe ukutani mpaka Jumapili ipite, kwa kuwa siku nyingine zote nikipita hapo asubuhi bado giza, na nikirudi giza limeshaingia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Igawilo, fundi wa Mwanjelwa
Mbeya