Huo mguu upimwe kabla ya Alhamisi

Mwanangu,

Mkeo ameniambia, na usimgombeze kwa hilo. Anasema tangu urudi na lori kutoka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mguu wa kushoto umevimba kuanzia kwenye kigimbi hadi kifundo, kiatu hakifungi, na wewe unasema ni uchovu wa foleni ya Tunduma. Anasema pia Alhamisi unapakia tena. Nimeona niandike, maana kwenye simu unaniitikia "sawa mama" kisha unakata.

Mguu mmoja, baba. Ingekuwa yote miwili ningeuliza habari za moyo na figo. Lakini mguu mmoja unaovimba ndani ya siku chache, unauma kigimbini na una joto kuliko mwenzake, muuguzi yeyote atahofia damu imeganda ndani ya vena, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni, mpaka kipimo kiseme vingine. Majirani watakwambia matende. Matende hayaji kwa wiki moja. Shangazi yako ameshatangaza kwamba umekanyaga kitu. Mwache na lake.

Na usichuliwe! Nimesikia kuna mzee hapo mtaani kwenu ameshaandaa mafuta. Donge la damu likikatika halibaki mguuni. Linapanda na damu kupitia pajani na tumboni, linaingia upande wa kulia wa moyo, linatupwa mapafuni na huko linaziba. Mtu aliyekuwa anaongea vizuri anabanwa kifua, pumzi inakata, wengine wanakohoa damu. Ukiona dalili hizo hata njiani, usingoje kesho.

Nikueleze linavyoanza, maana najua ukielewa kitu unakifuata, tangu utoto uko hivyo. Damu ya kwenda mguuni moyo unaisukuma kupitia ateri. Ya kurudi juu inapandishwa zaidi na misuli ya kigimbi: kila hatua unayopiga inaiminya vena, na ndani yake mna vali ndogo zinazojifunga ili damu isirudi chini. Sasa wewe Dar mpaka Mikumi umekaa, Mikumi mpaka Iringa umekaa, goti limekunjwa, ukingo wa kiti unabana nyuma ya goti, na maji hunywi ili usisimame kukojoa. Kuna daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, ambaye jina lake tulikaririshwa chuoni kwa mambo matatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. La kwanza unalipata kazini. Hayo mengine sigara inakusaidia kuyatafuta. Hata kuwa ni mguu wa kushoto hakunishangazi, kwani vena ya upande huo inapita chini ya ateri kubwa tumboni na kwa watu wengi inakandamizwa kidogo.

Ateri zako nazo sijazisahau. Mkeo anasema presha hujapima tangu upate leseni ya magari makubwa. Watu husema mafuta yanashika kwenye mshipa kama ukoko kwenye sufuria. Sivyo. Utando laini wa ndani unachokozwa na presha, moshi wa sigara au sukari, kisha lehemu, yaani kolesteroli, inapenya chini yake. Chembe nyeupe za damu zinaifuata kuila, zinavimba mafuta, zinafia humo humo, na uvimbe unajengeka ndani ya ukuta miaka na miaka bila kuuma. Siku uvimbe ule unapopasuka, damu inaganda juu yake kwa dakika chache. Ukiwa kwenye moyo ni shambulio la moyo, ukiwa kwenye ubongo ni kiharusi. Ya baba yako siyarudii, ulikuwepo.

Usiniambie bado kijana. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitangaza walichokiona kwenye mioyo ya wanajeshi 300 waliokufa vitani Korea, wastani wa umri miaka 22. Zaidi ya robo tatu ateri zao zilikwisha kuanza kuharibika. Mwaka huohuo Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa madereva wa mabasi ya ghorofa ya London walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta wao, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa. Basi lile lile, barabara ile ile. Utingo wako anayeruka kukagua matairi na kukaza turubai anakuzidi afya, na mshahara unamzidi wewe.

Sikudharau kazi yako. Ada ya mdogo wako inatoka kwenye usukani huo na nasema hivyo mbele za watu. Ila unajali mafuta ya gari kuliko yako, na chumvi unaongeza kabla hata hujaonja. (Hiyo umeitoa mezani kwangu, tusiende huko.)

Jumatano asubuhi nenda hospitali ya mkoa, uombe ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Eksirei haitaonyesha. Presha wapime hapohapo. Ikifika 140 kwa 90, waipime tena siku nyingine kabla ya kuipa jina. Wakikuta damu imeganda watakupa dawa ya kuzuia isiendelee kuganda, na utaimeza si chini ya miezi 3 hata mguu ukipungua. Aspirini za dukani si badala yake. Ukipuuza, vali zinaharibika na mguu unabaki mzito, unatoka vidonda visivyofunga. Tajiri wako atafute dereva mwingine kwa safari hii. Akinuna, anune.

Hela ya kipimo isikuzuie. Nimemuuza yule beberu mkorofi, mnunuzi anamalizia Jumapili, lakini nusu ninayo na nitamtumia mkeo, si wewe.

Mahindi yamepigwa na viwavi upande wa bondeni, huku juu yanaendelea. Mabati ya jiko yameletwa, fundi anasema misumari ya kofia haitoshi na hapa mjini wanauza ghali. Nunua kilo mbili huko Dar, gari lako likipita Msamvu Alhamisi utingo anishushie. Na nitakuwepo pale kuangalia nani ameshika usukani.

Mama yako