Mwanangu, unalala saa ngapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma alfajiri baada ya kuswali. Mtoto hajambo, joto la Dar limezidi, Jumatatu unarudi kazini. Alhamdulillah. Lakini simu inaonyesha uliutuma saa saba na dakika ishirini usiku, na mwishoni umeandika kwamba ulikuwa unamalizia hesabu za mwisho wa mwezi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na zako hazijaisha. Hesabu za nani hizo unazimalizia usiku wa manane?

Ningepiga simu, ila kwenye simu huwa unanijibu "sawa mama" na habari inaishia hapo.

Unasema mkubwa wako kakubali kukupangia muda kwa namna yako: uingie saa mbili asubuhi kama zamani, utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, kazi iliyobaki uifanye nyumbani mtoto akishalala, kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku. Umefurahi, unamwita mtu mwelewa. Mimi nimechukua kalamu nikapiga hesabu, ingawa mhasibu ni wewe. Mchana kakupunguzia masaa mawili, usiku kakuongezea matatu. Na hayo mawili hayakuwa yake kukupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya muda wa kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Kutoka Posta mpaka Kimara na kurudi katikati ya siku huwezi, hata kwa mwendokasi, kwa hiyo kuyachukua jioni ni sawa kabisa. Ila si deni, hulilipi usiku. Tena sheria hiyohiyo inahesabu kazi ya baada ya saa mbili usiku kuwa kazi ya usiku, na ina nyongeza yake, asilimia 5 kwa kila saa. Nyongeza hiyo umetajiwa?

Sasa niambie, utalala saa ngapi? Saa sita unafunga kompyuta, saa nane mtoto anataka kunyonya, saa kumi na moja uko bafuni uwahi foleni.

Kama hunisikilizi kwa umama, nisikilize kwa uuguzi, maana wodi ya wazazi naijua. Maziwa hutengenezwa sana usiku, mtoto anaponyonya. Mama akichoka hukamua kidogo, akiona kidogo huingiwa na hofu, na akiogopa hukimbilia maziwa ya kopo. Mjukuu wangu hajafika miezi sita, maji hayahitaji sembuse uji. Dada mfundishe kumnywesha kwa kikombe, na maziwa uliyokamua yasikae nje ya friji zaidi ya masaa manne. Kwa joto la huko, hata hayo manne ni mengi.

Najua utasema, mbona wewe mama ulikesha? Nilikesha. Zamu zangu na zamu za wenzangu, kila aliyepata dharura alikuja kwangu, na mimi nikijiona wa maana sana. Yaliyotokea ule mwaka unayajua, sirudii. Nywele zako alisuka jirani mpaka ulipofika darasa la nne. Nilizoea kusema ni kwa sababu ana mkono mzuri.

Usidhani nataka uache kazi. Siku ulipofaulu CPA, mtihani wenu wa uhasibu, baba yako alitembea mtaa mzima akitaja herufi hizo tatu, na bado hajui zinamaanisha nini. Kazi ifanye. Lakini makubaliano ya mdomo usiyakubali, mwombe akuandikie, hata kwa barua pepe, maana wakubwa huhamishwa na anayekuja hajui mlichoongea. Na wewe mwenyewe umewahi kuniambia kazi yenu hujaa mwisho wa mwezi, katikati inapungua. Basi omba upimwe kwa mwezi mzima: zile siku tano nzito uzibebe kweli, siku nyingine saa tisa ikifika umemaliza, kompyuta ibaki mezani ofisini. Usiibebe. Ukiibeba utaifungua, nakujua.

Mume wako alipewa siku zake 3 za likizo, zikaisha ukiwa bado unatembea kwa kushika ukuta. Simlaumu, ndivyo sheria ilivyo. Lakini kumwogesha mtoto jioni kunahitaji likizo gani? Mwambie nimesema mimi. Au usimwambie nimesema mimi, mwambie tu.

Huku Muheza hatujambo. Simtanki limepasuka chini, fundi anataka tununue jipya, baba yako anasema litazibika. Ile hela uliyotuma ya umeme nimenunua nusu, nusu nimeweka kwa ajili ya nauli yangu, maana nikiona mambo hayaendi nitakuja, na nitakaa. Usinitumie nyingine. Ukinijibu, nijibu mchana.

Machungwa nimeyatia kwenye kiroba, kesho nayapeleka kwenye basi. Kondakta atampigia mume wako, aende yeye kuyapokea stendi ya Mbezi. Ni Jumamosi, mtoto atakuwa amelala. Lala naye.

Mama yako