Warsha za udongo zilipiwe msimu mzima, si siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie wanaopanga bajeti za kilimo, kuanzia serikali za mitaa hadi mashirika yanayofadhili miradi. Nina ombi moja tu. Fedha za kuwafundisha wakulima habari za udongo zitengwe kwa msimu mzima, na mafunzo yenyewe yafanyike shambani, pale wakulima walipo.

Nimepitia mafunzo ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya siku moja, ukumbini. Tuligawiwa kalamu na daftari, tukaonyeshwa picha ukutani, tukapiga picha ya pamoja, tukatawanyika. Mkufunzi alikuwa mjuzi na alifundisha kwa moyo, simlaumu. Lakini siku ile hakuna aliyeshika udongo. Niliporudi nyumbani nililima vilevile nilivyolima mwaka uliotangulia, na katika wenzangu sikumwona hata mmoja aliyebadilisha kitu.

Ya pili yalifanyika chini ya mti, pembeni ya shamba la mwenzetu. Afisa ugani alikuja na chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, akazijaza maji. Akachukua bonge la udongo mkavu kutoka mpakani, mahali ambapo jembe halijapita miaka mingi, na jingine katikati ya shamba. Akayaweka kila moja juu ya kipande cha wavu ndani ya maji. Bonge la mpakani lilitoa mapovu machache, likatulia. Lile la shambani lilianza kumeguka papo hapo, na baada ya dakika chache likawa tope chini ya chupa. Tulinyamaza wote. Kisha akatueleza kwamba chembe za udongo hushikwa pamoja na gundi inayotokana na mboji, mizizi na viumbe wadogo wa ardhini. Udongo unaolimwa kila mara bila kurudishiwa mabaki ya mazao huipoteza gundi hiyo. Mvua ikipiga, uso wake hufunga kama sakafu, na maji hutiririka na rutuba yetu badala ya kuzama.

Siku hiyohiyo alitufundisha kuchukua sampuli: unatembea shambani kwa kupindapinda, unachimba mahali kama 15, kina cha sentimita 20, unakwepa palipolundikwa samadi, unachanganya vyote katika ndoo safi ya plastiki na kutoa nusu kilo. Majibu ya maabara yalipokuja, ya shamba langu yalionyesha pH 5.0 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi). Peke yangu nisingejua namba hiyo ina maana gani. Miaka yote nilikuwa nikiongeza mbolea ya kupandia nikidhani kiasi hakitoshi, kumbe udongo ukishuka chini ya pH 5.5 alumini iliyomo huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi unayoiweka hunaswa na alumini na chuma, mmea usiipate. Tena mbolea za naitrojeni zenye amonia, zikitumika mwaka hadi mwaka bila chokaa ya kupunguza tindikali, huizidisha. Nilikuwa nikinunua tatizo langu mwenyewe kwa mifuko.

Ndiyo maana nasisitiza msimu mzima. Chokaa ya kilimo haifanyi kazi kwa siku moja. Inahitaji kuchanganywa na udongo mapema na kupewa miezi. Mboji huongezeka kwa miaka. Mkulima aliyeambiwa jambo mara moja, akalijaribu na asione tofauti upesi, huliacha. Anahitaji mtu wa kurudi, aangalie alichofanya na kumwambia wapi amekosea. Hili si wazo jipya: shamba darasa lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima kama 25 wakikutana kila wiki kuanzia kupanda hadi kuvuna ili kujifunza kupambana na wadudu wa mpunga. Njia hiyo imeenea nchi nyingi kwa sababu mtu huamini alichokiona kwenye shamba lake.

Nitaambiwa fedha hakuna, zimeelekezwa kwenye ruzuku ya mbolea. Siipingi ruzuku, nimenufaika nayo. Lakini mbolea ya ruzuku ikimwagwa kwenye udongo wenye tindikali kama wangu, sehemu kubwa ya fedha hiyo inazikwa. Imegwe sehemu ndogo ya fungu hilo ilipie nauli na mafuta ya afisa ugani, vipimo vya maabara, na mtu wa kuwasomea wakulima majibu kwa lugha wanayoielewa. Vitu hivi havipigwi picha vizuri kama uzinduzi wa semina, na nadhani ndiyo maana husahaulika.

Na mialiko isipelekwe kwa mwenye hati ya shamba tu. Mara nyingi anayelipalilia ni mkewe, na ndiye anayeamua kila siku kama mabaki ya mazao yachomwe au yaachwe yafunike ardhi. Saa za mafunzo zipangwe naye.

Katika ziara ya nne ya afisa ugani yule wa chupa tuling'oa mimea ya jamii ya kunde na kupasua kwa ukucha vile vinundu vya kwenye mizizi. Vya jirani yangu vilikuwa vyekundu ndani, dalili kwamba vinakamata naitrojeni ya hewani. Vyangu vilikuwa vichache, tena vyeupe. Afisa aliahidi kurudi baada ya mavuno tupime tena udongo na kuona chokaa imefikia wapi. Hakurudi, kwa kuwa fedha za mradi zilikuwa zimekwisha. Sampuli za pili tulizichukua wenyewe kama alivyotufundisha, tukazikausha kivulini, tukazifunga na kuandika juu yake jina la kila shamba. Ziko kwa katibu wa kikundi chetu mpaka leo, zinasubiri nauli ya kuzifikisha maabara.

Wako,
Mkulima na msomaji wa gazeti hili