Udongo wa kituo cha mafuta ulipelekwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumanne iliyopita mliandika kwamba eneo la kituo cha mafuta kilichofungwa huku kwetu Temeke "limesafishwa", kwa kuwa matangi yamefukuliwa, malori yamezoa udongo na shimo limefukiwa kwa kifusi. Nimelisoma gazeti hili kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari ile imenishinda kunyamazia, kwa sababu nyumba yangu haifiki mita 80 kutoka kwenye shimo hilo, na ninajua kwamba neno hilo si la kweli.

Nina kisima uani tangu mwaka 1997. Wakati wa mgao wa maji wa mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, nusu ya mtaa ilichota kwangu, nami sikumzuia mtu wala kumtoza senti. Miezi michache baadaye mjukuu wangu alitoka bafuni akaniambia, "Bibi, maji yananuka bodaboda." Nilichemsha sufuria moja, harufu ya petroli ikajaa jikoni hadi nikafungua milango yote. Nilipeleka sampuli maabara, nikalipa, nikapewa karatasi inayosema kwamba maji yanafaa. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba walipima chumvi na vimelea tu, kwamba kipimo cha mafuta ni kingine chenye ada yake, na kwamba mteja asipokitaja hakifanywi. Nikakitaja, nikalipa tena. Benzini, ile kemikali iliyomo ndani ya petroli inayoleta saratani ya damu, ilizidi mara kadhaa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 0.01 kwa lita. Tangu siku hiyo ninawafikiria wale wote waliobeba ndoo kutoka uani kwangu.

Sasa mnatuambia malori yamezoa udongo. Tangi la chuma likila kutu chini ya ardhi huvuja kidogo kidogo, na mwenye kituo anaweza asione tofauti yoyote kwenye hesabu zake za siku. Petroli hiyo hushuka kwenye mchanga wetu wa pwani, ambao hauzuii kitu, mpaka ikutane na maji. Hapo huelea na kutandaa, na benzini iliyomo huyeyuka ikaondoka na maji kuelekea yanakokwenda, chini ya kuta, chini ya barabara, hadi visimani mwa watu ambao hawajawahi hata kukiona kituo chenyewe. Kuchimba pale lilipokuwa tangi ni kuondoa chanzo, na yaliyokwisha kusafiri yamebaki. Kuyaondoa hayo kunahitaji mabomba ya kufyonza mvuke wa mafuta kutoka ardhini, pampu za kuvuta maji na kuyapitisha kwenye vichujio vya mkaa maalumu, hewa ya kuwalisha bakteria wanaokula mafuta, na visima vya uchunguzi vinavyopimwa miaka mfululizo. Mji wa Santa Monica, Marekani, ulifunga visima vyake vingi mwaka 1996 kutokana na kemikali iliyochanganywa kwenye petroli, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya kuvirejesha vyote katika kazi. Kazi ya huku kwetu ilichukua siku nne, nimezihesabu mwenyewe nikiwa barazani. Na udongo ule uliokuwa ukinuka mpaka madereva wakajifunga vitambaa puani, ulimwagwa wapi? Uliuzwa kama kifusi? Umejazwa kwenye msingi wa nyumba ya nani, au kwenye uwanja wa shule gani?

Hapo sijasema habari ya maboza. Kila siku yanapita hapa yamejaa maji ya visima, yanauzwa kwa akina mama lishe na wenye nyumba za kupanga, na sijawahi kumwona mtu akiwasimamisha madereva kuwauliza kisima kiko wapi na kilipimwa nini. Dawa ya klorini wanayotia haiondoi petroli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mchafuzi alipe. Mchafuzi akifunga kituo na kuhama, nani atalipa? Marekani ilianzisha mfuko mwaka 1986 kwa tozo ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta, na tangu walipoanza kuhesabu wamethibitisha uvujaji zaidi ya nusu milioni. Sisi tutoze shilingi 2 kwa lita, fedha zikae peke yake kwa ajili ya matangi yaliyotelekezwa. Kila kituo kiwe na visima vitatu vya uchunguzi upande yanakoelekea maji, kimoja kikiwa nje ya uzio, na ufunguo wake ukae kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, benzini ikitajwa kwa jina na kwa tarakimu.

Na mwandishi wenu arudi pale, awatafute madereva wa malori yale, awaulize walimwaga wapi.

Bibi wa wajukuu sita,
Temeke, Dar es Salaam