Mtoto mwenye maji kichwani: mpira au kamera?

Wazazi wanaotuletea mtoto ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi hufika na swali tayari: "Atawekewa mpira?", yaani bomba la kutoa maji ubongoni. Sisi hapa kliniki tunaanza na futi kamba. Tunaizungusha juu ya nyusi mpaka kisogoni panapochomoza zaidi, tunapima mara tatu, tunaandika kipimo kikubwa. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi, ndiyo maana tunawaomba mrudi. Utosi ukiwa bado laini, ultrasaundi inapitia hapo hapo kuonyesha vyumba vya ubongo vilivyojaa maji, bila mionzi wala dawa ya usingizi.

Maji hayo kila mtu anayo. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita kwa siku, na mwili huyarudisha kwenye damu. Njia ikiziba, kwa mfano baada ya maambukizi ya ubongo au kwa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, maji hujaa na kuubana ubongo. Mifupa ya fuvu la kichanga haijaungana, hivyo kichwa kinatanuka. Mtoto ananyonya, anacheka, kumbe ubongo unaumia. Mama, baba, msisubiri kuona kama kitaacha kukua chenyewe.

Hapa kwetu hatupasui. Tunaandika rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, kisha tunamfuatilia mtoto akisharudi nyumbani.

Mpira, au shanti, ni bomba jembamba la silikoni lenye vali. Linaanzia kwenye chumba cha ubongo, linapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni ambako maji hunyonywa. Linafanya kazi vizuri, ila linaweza kuziba au kuingia vijidudu vya maambukizi.

Kwa njia ya kamera ndogo inayoingizwa ndani ya ubongo, daktari hutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya. Kwa vichanga tundu peke yake mara nyingi halitoshi. Dkt. Benjamin Warf, akifanya kazi Mbale, Uganda, miaka ya 2000, aliongezea kuchoma tishu zinazotengeneza maji. Alikuwa akiwafikiria watoto wanaoishi mbali na hospitali, ambao mpira ukiziba hawawahi kufika. Utafiti wa huko huko Mbale, uliochapishwa 2017, ulilinganisha njia hizi kwa vichanga 100. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo aliyewekewa mpira hakupewa tiba ya daraja la pili. Daktari huamua kwa umri, chanzo cha tatizo na picha ya ubongo.

Linalotutia hofu zaidi ni hili: mtoto mwenye mpira anatapika, ana homa, anasinzia, halafu anatibiwa malaria siku tatu. Malaria apimwe, ndiyo, lakini mpira ukaguliwe siku hiyo hiyo. Mwambieni kila muuguzi, hata asipouliza, kwamba mtoto ana mpira. Wa kamera naye aangaliwe vivyo hivyo, hasa miezi sita ya kwanza, maana tundu linaweza kujifunga. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini ikae ndani ya kadi ya kliniki, na mje nayo kila mnapoleta mtoto kupimwa kichwa.